Paulo, Troa na mlango uliofunguka: tunayoyasema na yaliyoandikwa

Katika kipindi cha kujifunza Biblia ninachokiongoza, tukifika Matendo ya Mitume sura ya 16 hakuna anayesinzia. Kila mtu ana ushuhuda. Mmoja alinyimwa viza, akajua Mungu amefunga mlango. Mwingine ana barua ya kazi wiki ya tatu sasa, hajaijibu, anangoja maono kama yale ya Paulo kule Troa, mji wa bandari alikoonyeshwa usiku mahali pa kwenda. Nawapenda watu hawa. Ndiyo maana nataka tuisome safari hiyo polepole, kwa sababu mengi tunayomsingizia Paulo hayamo.

Dhana: Paulo hakupanga kitu, alikwenda alikopelekwa tu

Safari ile, ya pili ya Paulo ya kuhubiri injili, ilianza kwa wazo la kawaida kabisa. Paulo alimwambia Barnaba warudi wakawaangalie ndugu katika kila mji walikohubiri. Hapakuwa na maono wala malaika, bali moyo wa mchungaji uliotaka kujua watu wake wanaendeleaje. Hata wenzake wa safari walipatikana kwa njia zisizopendeza kuzitaja mimbarani: alitofautiana vikali na Barnaba kuhusu Yohana Marko, wakaachana, Barnaba akaenda Kipro, naye akamchukua Sila. Timotheo alimpata njiani, huko Listra.

Ukisoma nyaraka zake unamwona mtu anayepanga. Mwishoni mwa 1 Wakorintho anaeleza kwamba atapitia Makedonia, kaskazini mwa Ugiriki, atafika Korintho, pengine atakaa nao majira yote ya baridi, na kwa sasa atabaki Efeso mpaka Pentekoste. Kukaa majira ya baridi si neno la kujazia. Kuanzia Novemba hadi karibu Machi meli nyingi za Mediterania zilikuwa zimefungwa bandarini, na msafiri asiyehesabu miezi angeweza kukwama au kuzama. Kama mwaka 57 aliwaandikia Warumi ramani nzima: kwanza Yerusalemu kupeleka mchango wa maskini, halafu Roma, halafu Spania.

Alichokuwa nacho, ambacho sisi hukisema kwa mdomo tu, ni lile neno la mwisho. Watu wa Efeso walipomsihi akae nao zaidi, aliwaaga kama tunavyoagana hapa kwetu kila siku: nitarudi, Mungu akipenda. Akaondoka, na baadaye akarudi kweli.

Dhana: Mungu aliikataa Asia

Nimewahi kusikia hili likihubiriwa kwa kutaja China na India. Asia ya Luka, mwandishi wa Matendo, si bara. Ni jimbo moja la Kirumi, upande wa magharibi wa nchi tunayoiita leo Uturuki, na mji wake mkuu ulikuwa Efeso. Wala hakuna mahali palipoandikwa kwamba Mungu aliwakataa watu wake. Paulo na wenzake walikatazwa kulihubiri neno kule kwa wakati ule. Miaka michache baadaye Paulo huyohuyo alikaa Efeso, akafundisha kila siku katika darasa la Tirano kwa miaka 2, hata wakaao Asia wote wakalisikia neno.

Bithinia, jimbo lililo kaskazini, nako walijaribu kuingia, Roho hakuwapa ruhusa. Hatusomi popote kwamba Paulo alifika huko baadaye. Lakini fungua 1 Petro, mstari wa kwanza kabisa: Bithinia imo kati ya majimbo yanayosalimiwa. Na kama mwaka 112 Plinio, gavana wa Kirumi wa eneo hilo, alimwandikia Kaisari Trajano akimuuliza awafanyeje Wakristo, maana imani hiyo ilikuwa imeenea mijini na hata vijijini. Paulo alizuiwa, injili ikafika.

Kuna jambo dogo ninalolipenda kuliko yote. Paulo anazuiwa kuhubiri Asia, anavuka bahari, anafika Filipi. Siku ya sabato anatoka nje ya lango mpaka kando ya mto, anakaa na wanawake waliokusanyika kuomba. Anayefunguliwa moyo hapo ni Lidia, mfanyabiashara wa rangi ya zambarau, mwenyeji wa Thiatira. Thiatira iko wapi? Asia. Mtu wa kwanza tunayesoma kwamba aliamini kule Makedonia alitoka katika jimbo lilelile Paulo alilokatazwa.

Dhana: Paulo alisikia sauti, akaondoka peke yake kwa uhakika wake

Luka haelezi Roho aliwakatazaje. Inawezekana ujumbe ulipitia kwa Sila, maana sura ya 15 inamwita nabii, lakini Luka mwenyewe hakuona haja ya kutuambia. Anachotuonyesha ni kikundi kinachotembea mamia ya kilomita, kikizuiwa huku na kuzuiwa kule, mpaka kinatokea pwani ya Troa bila kujua kinakokwenda. Waliongozwa wakiwa wanatembea.

Kisha maono ya usiku: mtu wa Makedonia amesimama, anamsihi Paulo avuke awasaidie. Hapa Kiswahili chetu kinatusaidia kuona jambo zuri. Aliyeona ni Paulo, kiambishi ni *a-*. Kabla ya hapo safari nzima ilikuwa *wa-*: wakapita, wakajaribu, wakatelemka. Ghafla kinakuja *tu-*: tukataka kwenda, tuliona hakika kwamba Mungu ametuita. Mwandishi ameingia ndani ya habari. Na neno la Kigiriki lililo nyuma ya "tuliona hakika" lina maana ya kuunganisha mambo, kuweka hili na lile pamoja mpaka yakubaliane. Maono aliyapata mmoja, uamuzi ulikuwa wa wote. Anayeniambia "Mungu amesema nami, sihitaji kumuuliza mtu" hana mfano wake Troa.

Dhana: Mlango ukifunguka, lazima uingie

Hii ndiyo inayowaumiza watu wengi, na jibu lake liko Troa hiyohiyo, miaka kadhaa baadaye. Soma 2 Wakorintho 2. Paulo anafika Troa kwa ajili ya injili, na anasema mwenyewe kwamba alifunguliwa mlango katika Bwana. Hakuna shaka kuhusu aliyeufungua. Lakini Tito hakuwepo. Tito ndiye aliyetarajiwa kuleta habari za Korintho, kanisa alilokuwa ameliandikia barua kwa machozi, na Paulo hakujua waliipokeaje. Hakuwa na raha rohoni. Basi akawaaga watu wa Troa, akaenda Makedonia kumtafuta.

Aliuacha mlango wazi nyuma yake kwa sababu ya wasiwasi juu ya watu aliowapenda. Haandiki kwamba alitenda dhambi, na mstari unaofuata ni shukrani kwa Mungu. Baadaye alirudi Troa akakaa siku 7, akahubiri mpaka usiku wa manane, hata kijana Eutiko akalala usingizi na kuanguka kutoka dirisha la ghorofa ya tatu. Palikuwa na waumini wa kumsikiliza.

Wakorintho nao walimlaumu kwa kubadili ratiba. Walimwona kigeugeu, mtu wa "ndiyo" na "siyo" kwa pamoja. Alijitetea kwa kueleza kwamba aliacha kufika kwa kuwahurumia, asiwaongezee huzuni.

Dhana: Kila kizuizi kimetoka kwa Mungu

Kwa Wathesalonike aliandika kwamba Shetani ndiye aliyemzuia. Kwa Warumi aliandika kwamba kazi aliyokuwa nayo kwingine ndiyo iliyomchelewesha. Na mara moja, alipokuwa tayari kupanda meli kwenda Shamu, aligundua njama dhidi yake, akarudi kwa njia ya nchi kavu kupitia Makedonia. Hapo Luka hataji Roho wala Shetani.

Dhana: Ukiongozwa, njia hunyooka

Kutoka Troa hadi Neapoli upepo uliwapeleka kwa siku 2 tu. Wangeweza kusema, haya ndiyo mapenzi ya Mungu! Muda si mrefu baadaye Paulo na Sila walikuwa gereza la ndani la Filipi, migongo imechanika kwa bakora, miguu imebanwa kwenye mkatale. Miaka ya baadaye njia hiyohiyo ya bahari, kurudi Troa, iliwachukua siku 5.

Na Roma? Kule Kaisaria nabii Agabo alichukua mshipi wa Paulo, akajifunga mikono na miguu, akasema hivi ndivyo mwenye mshipi huu atakavyofungwa Yerusalemu. Ndugu wakalia wakimsihi asiende. Akaenda, akakamatwa. Usiku Bwana akasimama karibu naye akamwambia kwamba Roma atafika. Ikafuata miaka 2 ya kifungo Kaisaria, kisha dhoruba, kisha meli yenye watu 276 ikavunjika Melita, kisiwa tunachokiita leo Malta.

Hatimaye akaingia Italia akiwa na askari. Ndugu wa Roma, wale aliowaandikia kwamba angepita kwao akielekea Spania, walisikia habari zake wakatoka kumlaki. Wengine walifika mpaka Soko la Apio, zaidi ya kilomita 60 kutoka mjini. Paulo alipowaona, anasema Luka, alimshukuru Mungu, akachangamka.