“Kwani hiyo ChatGPT haifanyi?” na mengine tunayoambiwa watu wa upangaji

Kazi yangu ni kutafiti programu za upangaji: unaipa mashine hali iliyopo, vitendo vinavyowezekana na lengo, nayo inatafuta mfuatano wa vitendo wa kulifikia. Nikimaliza tu kueleza hivyo, swali linalofuata nalijua. Wateja wanaliuliza, wanafunzi wanaotafuta mada ya uzamili wanaliuliza. Basi nalijibu hapa, mara moja.

Dhana: Modeli kubwa za lugha, kama zile zinazoendesha ChatGPT, zimeshamaliza suala la upangaji.

Hazijamaliza. Modeli ya lugha huandika kitu kinachofanana na mpango. Mpango wa kweli ni ule ambao kila kitendo kinapofikiwa masharti yake yametimia, na mwishoni lengo limepatikana. Mteja mmoja wa usafirishaji alinionyesha ratiba aliyoandikiwa na programu ya mazungumzo, nzuri kwa macho, yenye vichwa na vijedwali. Lori lilelile lilikuwa linashusha mzigo Morogoro na kupakia Dodoma saa ileile.

Chukua fumbo ambalo kila mtu wa fani hii ameanzia. Kuna matofali matatu: C liko juu ya A, na B liko mezani peke yake. Unataka A liwe juu ya B, na B juu ya C, na mkono unabeba tofali moja tu kwa wakati. Ukikimbilia kuliweka A juu ya B, unaondoa C, unapandisha A, halafu unakwama: B limeshakaliwa, halinyanyuki. Ukianza na B juu ya C, umelifukia A chini ya mawili. Njia ni kushusha C mezani, kuweka B juu yake, ndipo A lipande juu ya B. Hatua ni tatu tu, lakini huzipati kwa kumaliza lengo moja kisha kuhamia jingine, kwa sababu malengo yenyewe yanaingiliana. Mtego huu umebeba jina la Gerald Sussman wa chuo cha MIT, Marekani, tangu miaka ya 1970.

Matofali matatu yanaweza kupangika kwa namna 13. Ukiwa na 10, namna zinafika 58,941,091. Ndiyo maana tunahangaika na makadirio ya kuiongoza programu itafute upande wenye matumaini. Na anayeniambia nisubiri kompyuta yenye nguvu zaidi, azitazame hizo namba mbili tena.

Subbarao Kambhampati na wenzake wa Arizona State University walizipima modeli za lugha kwa matofali hayahaya. GPT-4, mojawapo ya modeli za ChatGPT, ilipata takriban theluthi moja ya mafumbo. Wakabadilisha majina ya vitu na vitendo, mantiki wakaiacha kama ilivyo, ikaporomoka chini ya asilimia 5. Programu ya upangaji haijali tofali unaliita tofali au ng’ombe. Modeli ya o1 ya mwaka 2024 ilipanda sana, karibu ipate yote kwenye matofali ya kawaida, lakini kwenye yaliyobadilishwa majina ikaishia kama nusu, tena bila dhamana yoyote kwamba jibu ni sahihi. Ushauri wangu, na sichoki kuurudia: modeli ya lugha ikusaidie kuandika maelezo ya tatizo, programu ya upangaji itafute mpango, na programu ya tatu iukague.

Dhana: Hii ni fani ya juzi.

Richard Fikes na Nils Nilsson walichapisha STRIPS, programu ya upangaji, mwaka 1971, kwa ajili ya roboti Shakey kule Stanford Research Institute. Namna yao ya kueleza kitendo kwa masharti na matokeo bado tunaitumia.

Dhana: Ni nadharia ya maabara tu.

Mei 1999 programu ya NASA iitwayo Remote Agent ilikiendesha chombo cha Deep Space 1 kikiwa angani, ikijipangia kazi zake yenyewe. Mwaka 2004 roboti Spirit na Opportunity zikatua kwenye sayari ya Mirihi, na wahandisi wakawa wanapanga shughuli za kila siku wakisaidiwa na programu ya upangaji iitwayo MAPGEN. Nasema wakisaidiwa kwa makusudi, maana neno la mwisho lilikuwa la binadamu.

Dhana: Mtafiti anashinda akiandika algoriti.

Laiti. Muda mwingi unakwenda kwenye kuandika vitendo na masharti yake, na nusu ya masharti hayo hayapo kwenye karatasi yoyote. Yamo kichwani mwa msimamizi wa bohari, naye hatakuambia kwamba lango la nyuma halipitishi trela mpaka mpango wako utakapolipeleka trela huko. Anayetaka kuingia fani hii aache kwanza kuniulizia orodha ya kozi. Apakue Fast Downward, programu ya upangaji ya bure, ajifunze PDDL, lugha tunayoandikia matatizo haya tangu 1998, kisha aandike kazi moja anayoijua vizuri, ya karakana au ya jikoni hotelini. Mpango wa kwanza utakaotoka ukimchekesha, atafute sharti alilosahau kuandika.