"Escape" si kutoroka tu

"The driver escaped unhurt." Sentensi hii fupi nimeiona ikitafsiriwa "dereva alitoroka bila kujeruhiwa", na kosa hilo si dogo. Lori limepinduka, dereva amekaa kando ya barabara anatetemeka huku akimsubiri askari wa usalama barabarani, halafu msomaji anaambiwa ametoroka. Atakachoelewa ni kwamba mtu huyu ana kosa na anasakwa. Mwandishi wa Kiingereza alikuwa anasema dereva amenusurika wala hakupata hata mchubuko. Kama angekuwa amekimbia, angeandika "fled the scene".

Shida ni kwamba neno moja la Kiingereza linabeba kazi ambazo Kiswahili kimezigawa kwa vitenzi kadhaa. Mfungwa aliyeruka ukuta ametoroka. Abiria aliyetoka mzima kwenye ajali amenusurika. Kuku aliyeshikwa vibaya ameponyoka. Gesi ya mtungi imevuja. Jina ulilolijua jana limekutoka. Zote hizo Kiingereza huziita "escape", mpaka hiyo ya jina: "his name escapes me". Kwa hiyo kabla ya kutafsiri, jiulize ni nini kilichokuwa kimemshika huyo mtu. Kama ni watu au kuta, naye akatoka kwa ujanja wake, sema ametoroka. Kama ni hatari, chagua kati ya kunusurika, kusalimika na kuokoka. Na "narrow escape" tunayo tayari, tena tamu kuliko yao: kuponea chupuchupu.

Asili ya neno hili inasaidia kulikumbuka. Limetokana na Kilatini cha watu wa kawaida, "ex" yenye maana ya nje, na "cappa", yaani joho. Ni picha ya mtu aliyekamatwa nguo, akachomoka na kumwachia mkamataji joho mkononi. Anayeijua habari ya Yusufu na mke wa Potifa, pale alipoacha vazi lake akakimbia nje, ameshaiona picha hiyo.

Kosa hilo hutokea pia tunapotoka Kiswahili kwenda Kiingereza. Sisi tunasema mtoto ametoroka shule, na wanafunzi wengi huandika "he escaped from school". Mwingereza akisoma hapo anaona geti limefungwa kwa kufuli na walinzi wamesimama. Mtoto aliyeaga nyumbani akaishia mtoni kuvua samaki, huyo "skipped school". Wa bweni aliyeruka uzio usiku kwenda kwenye muziki, "he sneaked out".

Kisha kuna "avoid" na "evade", na hapa ndipo tofauti ndogo ya neno inapoweza kumpeleka mtu jela. "Avoid" ni kuepuka: unaona dimbwi, unapita pembeni. "Evade" ni kukwepa kile unachodaiwa au anayekutafuta, mara nyingi kwa hila. Kwenye mazungumzo ya kodi sisi tunasema "kukwepa kodi" kwa yote mawili, na hapo msomaji anapotea. "Tax evasion" ni jinai: kuficha mapato, kutunza vitabu viwili vya hesabu, kimoja cha kweli na kingine cha kuonyesha ofisini. "Tax avoidance" ni kupanga mambo yako ndani ya sheria ili kodi ipungue. Mimi natumia ukwepaji kodi kwa la kwanza na uepukaji kodi kwa la pili, na natamani magazeti yetu yote yafanye hivyo.

Uingereza ina kesi maarufu ya miaka ya 1930 inayoonyesha uepukaji ulivyo. Duke wa Westminster alikuwa akimlipa mtunza bustani wake, pamoja na watumishi wengine, kwa hati ya ahadi ya malipo ya kila mwaka. Mshahara wa kawaida haukumpunguzia kodi, lakini malipo ya hati yalimpunguzia. Mamlaka ya kodi ikaupinga mpango huo, na mwishowe ikashindwa mahakamani. Lord Tomlin, mmoja wa majaji, alieleza kwamba kila mtu ana haki ya kupanga mambo yake ili kodi iwe ndogo kuliko ambavyo ingekuwa. Tangu hapo sheria zimebanwa sana, lakini mpaka kati ya maneno yale mawili umebaki.

Upande wa pili yupo Al Capone wa Chicago. Alituhumiwa kwa mengi, yakiwemo mauaji, lakini mwaka 1931 alitiwa hatiani kwa "tax evasion", akahukumiwa kifungo cha miaka 11. Katika habari kama yake ndipo Kiingereza huleta msemo "get away with". Tafadhali usiutafsiri "kuondoka na". Maana yake ni kutenda kosa na usifanywe kitu. "He got away with it": kalifanya na hakuna aliyemgusa. Ukiondoa "with" ukaweka "from", maana inageuka kabisa: "he got away from them" ni amewaponyoka. Na "getaway" ikiandikwa kama neno moja ni safari fupi ya mapumziko, ila kwenye habari za ujambazi "getaway car" ni gari linalowasubiri wezi likiwa limewashwa. Ndugu wa msemo huo ni "get off scot-free", kuachiwa bila adhabu yoyote. Wengi hudhani unawahusu Waskoti, lakini "scot" hapo ni neno la kale la malipo au kodi. Aliyekuwa "scot-free" hakutozwa kitu.

Tukiacha kukimbia tukaja kwenye kuondoa, bwana mkubwa ni "get rid of". "Rid" ilitoka kwa watu wa Skandinavia, kwao ikiwa kufyeka miti na vichaka ili shamba lipatikane. Uzito wa msemo umebaki kwenye matokeo: kero imeisha. Namna ilivyoisha haisemwi. "We got rid of the sofa": waliliuza? Walimgawia jirani? Walilitupa jalalani? Kiingereza kinanyamaza, lakini Kiswahili kinadai useme. Kwa panya na mafua haina madhara, lakini kwa binadamu ni hatari. "They wanted to get rid of him" inaweza kuwa walitaka kumfukuza kazi, na inaweza kuwa walitaka kumuua. Mkalimani mahakamani hana ruhusa ya kumchagulia shahidi. Aseme "walitaka kumwondoa", neno lenye fumbo lile lile, na mawakili waulize wenyewe.

Katika mapenzi "dump" na "ditch" hazina shida, vijana wameshazimaliza: kapigwa chini, kamwagwa.

Neno la ofisini ni "dispose of". Kenya ina sheria ya mwaka 2015 ya ununuzi wa umma ambayo jina lake lina "Asset Disposal". Hapo hakuna anayetupa kitu. Magari chakavu na samani kuukuu za serikali hupigwa mnada, huuzwa kwa zabuni au huhamishiwa taasisi nyingine, kwa hiyo "uondoshaji wa mali" unafaa, na "utupaji" unachekesha. Lakini ukiliweka neno hilo hilo kwenye "at your disposal", linageuka kinyume. Mgeni anayeambiwa "the car is at your disposal" haambiwi kwamba gari linakwenda mnadani. Anaambiwa gari lipo, dereva yupo, alitumie anavyotaka.