Shisha na "ubora wa maisha": nani anayepima?

Ubora wa maisha si unene wa mfuko, wala si kukosa ugonjwa tu. Shirika la Afya Duniani linaueleza kuwa ni jinsi mtu mwenyewe anavyoiona nafasi yake maishani, kwa kuzingatia utamaduni wake, malengo yake na yanayomtia wasiwasi. Dodoso lake fupi lina maswali 26 yanayogusa mwili, nafsi, mahusiano na mazingira. Anayejibu ni wewe, si daktari. Unaridhika na usingizi wako? Una nguvu za kutosha kwa shughuli za siku? Marafiki je?

Hapo ndipo shisha, lile bomba la kuvutia moshi uliopitishwa kwenye maji, inapotatiza hesabu. Muulize kijana anayevuta kila Ijumaa na wenzake, atakwambia maisha matamu. Wala hadanganyi. Bomba likizunguka, soga nazo zinanoga, na kwenye swali la marafiki atajipa alama za juu. Hata wazee wa pwani walikuwa na kiko chao cha kifuu cha nazi chenye maji ndani, na ule mlio wake wa kububujika ukaitwa malio ya kiko.

Mwili hujibu vingine. Kikao kimoja huweza kuchukua dakika 20 hadi 80, na mtu akavuta moshi mwingi kuliko wa sigara nyingi kwa pamoja. Maji huupoza tu, sumu nyingi hupita. Kwa kuwa hauwashi koo, huvutwa hadi ndani kabisa. Makaa yaliyo juu ya bakuli la tumbaku hutoa kaboni monoksidi, gesi inayochukua nafasi ya oksijeni kwenye damu. Kile kizunguzungu ambacho wengine hukiita stimu huweza kuwa kimetokana na gesi hiyo. Shisha isiyo na tumbaku nayo ina makaa yaleyale.

Tanzania iliipiga marufuku mwaka 2016, Kenya na Rwanda mwaka 2017, lakini hilo ni la sheria; hapa tunapima maisha.

Ubora hushuka polepole: kikohozi cha asubuhi, pumzi kukata kwenye ngazi, hasira siku isiyo na bomba. Nikotini, ile kemikali ya tumbaku inayomfanya mtu awe mraibu, ikishakolea, Ijumaa inakuwa mbali mno. Mtu hununua bomba lake, akavuta Jumanne, chumbani, peke yake. Sasa lile swali la marafiki analijibu vipi?