Cheni Iliyolegea na Cheni Iliyokwisha

"Cheni imelegea, ivute." Kauli hii husikika kila baiskeli zinapotengenezwa jijini Mwanza, kuanzia Igoma hadi Kirumba. Huambiwa mtu ambaye baiskeli yake ilizibwa pancha jana na gurudumu likarudishwa ovyo, na huambiwa vilevile yule anayebeba magunia ya dagaa kutoka Mwaloni msimu baada ya msimu kwa cheni ileile. Hali hizo mbili hazina undugu, ingawa kwa macho zinafanana.

Cheni iliyolegea ni cheni nzima iliyopoteza mvuto wake kwa sababu ekseli ya nyuma imesogea mbele. Dawa yake ni spana: nati mbili hulegezwa, gurudumu huvutwa nyuma na kuwekwa katikati ya fremu, kisha nati hukazwa. Cheni iachwe icheze juu na chini kiasi cha nusu inchi katikati ya sproketi mbili, yaani magurudumu ya meno ya mbele na ya nyuma yanayoshika cheni, na pedali izungushwe mzunguko mzima kabla ya kuridhika, kwa kuwa sproketi ya mbele ni nadra kuwa mduara kamili. Zaidi ya hapo hakuna la kueleza.

Cheni iliyokwisha ni habari nyingine. Cheni za baiskeli zetu zinafuata muundo wa Hans Renold, Mswisi aliyefanya kazi Manchester, Uingereza, na kubuni cheni ya bushi na rola mwaka 1880. Pini hujizungusha ndani ya bushi, kijibomba kidogo cha chuma, na juu ya bushi kuna rola inayokaa kwenye jino la sproketi. Kutoka pini hadi pini ni nusu inchi, yaani milimita 12.7, na meno ya sproketi huchongwa kwa nafasi hiyohiyo. Cheni ikizeeka huwa ndefu kuliko ilivyokuwa, na hapo ndipo wengi hudhani kwamba vyuma vyake vimevutika kwa nguvu za miguu na milima ya Mwanza. Havijavutika. Kilichotokea ni kwamba pini zimelika, bushi nazo zimelika kwa ndani, na kila kiungo kimepata uwazi mdogo usioonekana. Mchanga wetu unaifanya kazi hiyo vizuri mno, kwani unatokana na miamba ya matale, na chembe zake za kwatsi ni ngumu kuliko chuma cha kawaida. Wanaopaka cheni oili chafu ya pikipiki hadi ichuruzike huukaribisha mchanga huo ung'ang'anie. Oili safi kidogo, tone moja kwenye kila rola na ziada ifutwe kwa kitambaa, ingetosha.

Sasa tazama kinachotokea cheni ya namna hii "inapovutwa". Ulegevu unaondoka, mwenye baiskeli anafurahi, lakini nafasi kati ya pini na pini bado imezidi nafasi ya meno. Mzigo uliopaswa kugawanywa kwa meno mengi unabebwa na machache, nayo yanalika upande mmoja mpaka yanapinda kama ndoana. Wapo wanaokwenda mbali zaidi na kupunguza kiungo, na kwa kawaida hulazimika kutoa inchi nzima kwa sababu bamba, yaani vipande bapa vya pembeni vinavyoshika pini, hupokezana za nje na za ndani. Cheni inakuwa fupi, lakini kila kiungo kilichobaki ni kilekile kilicholika. Siku cheni mpya itakapofungwa juu ya meno hayo, itaruka kila mpandaji anapokanyaga kwa nguvu, na muuza vipuri atalaumiwa kwamba ameuza kitu kibovu.

Anayetunza baiskeli nyumbani huanza kwa kununua spana, plaisi na bisibisi, na anafanya vyema, lakini hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoweza kumwambia ni hali ipi iliyo mbele yake. Kinachoweza ni futi ya chuma yenye inchi. Pedali ikandamizwe ili cheni ijivute, alama ya sifuri iwekwe katikati ya pini moja, kisha ihesabiwe pini ya 24 kutoka hapo. Cheni mpya itaangukia kwenye inchi 12 kamili. Ikiwa imepita kwa sehemu moja ya 16 ya inchi, ni wakati wa kununua nyingine, na sproketi huenda zikasalimika. Ikiwa imepita kwa sehemu moja ya nane, yaani asilimia moja, sproketi nazo zikaguliwe, kwa sababu huenda zimekwenda nayo. Upimaji uwe wa pini kwa pini, kamwe si wa rola kwa rola, kwani rola hulika kwa namna yake na kudanganya.

Anayesema cheni imelegea hajakosea alichokiona, kwa kuwa cheni iliyokwisha nayo hulegea. Aombwe tu apime kabla ya kushika spana. Asiye na futi karibu anaweza kukwaruza alama kwenye fremu mahali ekseli inapokaa siku cheni mpya inapofungwa. Kwa cheni yenye pini 112, ambayo ni inchi 56, ekseli ikishavutwa nyuma milimita 7 kutoka kwenye alama hiyo bila kiungo kuondolewa, cheni imerefuka asilimia moja, yaani kama milimita 14, kwa kuwa cheni hupita juu na chini na ekseli husogea nusu tu ya urefu ulioongezeka.