Kwa nini kadi namba 215 imo kwenye seti ya kadi 203?

Chukua kadi ya Pokémon, mchezo wa Kijapani wa viumbe vya kubuni, iitwayo Umbreon VMAX, ya seti ya Evolving Skies iliyotoka tarehe 27 Agosti 2021. Usiangalie picha kwanza. Shuka chini kabisa, kona ya kushoto, kwenye maandishi madogo ambayo mtu wa miaka arobaini lazima ayasogeze mbali na macho ndipo ayasome. Pameandikwa 215/203.

Ni kama ripoti ya shule inayosema mtoto amekuwa wa 50 katika darasa la wanafunzi 40. Mzazi yeyote angefunga safari kwenda kumuuliza mwalimu. Hapa lakini hakuna aliyekosea, na namba hiyo ya ajabu ndiyo inayomwambia mkusanyaji kwamba mkononi ameshika mali.

Tuzitenganishe kwanza na karata. Karata ukinunua boksi unajua umepata zote 52 na jokeri wake. Kadi hizi huuzwa kwa pakiti zilizofungwa, kadi kumi kumi, na hujui kilichomo mpaka uchane. Seti mpya hutoka kila baada ya miezi michache. Wapo wanaozichezea, watu wawili wakikaa mezani kila mmoja na fungu lake la kadi 60, na wapo ambao hawajawahi kucheza hata mara moja. Wao wanakusanya tu.

Ile 203 ni hesabu ya orodha ya kawaida ya seti. Kinachopita hapo huitwa kadi ya siri, nyongeza isiyohesabiwa kwenye orodha. Kwa Pokémon za Kiingereza mtindo huo ulianza mwaka 2000 na seti ya Team Rocket, iliyokuwa na kadi 82, halafu watu wakaanza kuona Dark Raichu kwenye pakiti, namba 83/82. Aliyejigamba kwamba amemaliza seti nzima akagundua kuna mlango mmoja zaidi nyuma ya nyumba. Siku hizi nyuma ya nyumba kumekuwa kukubwa: Evolving Skies ina kadi 34 za namna hiyo, na seti ya 151 ya Septemba 2023 inatangaza 165 ilhali namba zake zinafika 207. Humo kadi iliyotafutwa kuliko zote ilikuwa Charizard ex, 199/165. Nayo imevuka mstari.

Sasa rudi kwa Umbreon, maana kwake jambo hili linaonekana waziwazi. Katika seti hiyohiyo kuna Umbreon VMAX mwingine, namba 095/203. Uhai ni uleule, 310. Shambulio ni lilelile, Max Darkness, lenye nguvu ya 120. Uwezo wake wa kumlazimisha mpinzani abadilishe aliye mbele ni uleule, neno kwa neno. Mezani, kadi hizi mbili hazina tofauti yoyote. Lakini 095 utaipata kwa dola chache, na 215 imeshavuka dola 1,000.

Kilichobadilika ni mchoro. Kwenye 095 mnyama amejaza kadi, kama picha ya pasipoti. Kwenye 215, aliyoichora Keiichiro Ito, ni usiku. Umbreon amekuwa jitu, amepanda juu ya mnara, anaunyooshea mwezi mkono kama mtoto anayetaka embe lililo juu kidogo. Wakusanyaji wakaipa jina lao wenyewe, Moonbreon, na siku hizi hata wauzaji hawahangaiki kutaja namba.

Kwa maoni yangu hapo ndipo wageni wengi wanapopotea. Wanadhani kadi ghali ndiyo kadi kali. Ukali una bei yake, ila bei hiyo haina mizizi. Mashindano ya Pokémon huruhusu kadi kwa herufi ndogo iliyochapwa kwenye kona. Umbreon huyu ana E, na Aprili 2024 kadi za herufi E ziliondolewa kwenye mtindo mkuu wa mashindano, uitwao Standard. Kadi iliyokuwa ikiuzwa kwa nguvu zake peke yake, siku kama hiyo hushuka bei. Moonbreon ikaendelea kupanda, kwa sababu wanaoinunua hawakuwa na mpango wa kuichezea. Inakwenda moja kwa moja kwenye fremu.

Nao ni watu gani? Wengi ni wale waliokuwa watoto mwaka 1999, kadi za Pokémon zilipotua Marekani na Ulaya, wakati huo wakiomba hela ya pakiti kwa wazazi. Leo wana mishahara. Kipindi cha korona wakafungiwa ndani na masanduku yao ya zamani, na soko likawaka. Mei 2021 maduka ya Target ya Marekani yalisitisha kwa muda kuuza kadi za kukusanya ndani ya maduka, baada ya ugomvi wa kwenye maegesho huko Wisconsin uliofika hadi mtu kutoa bastola. Umbreon ana bahati ya ziada: ni mmoja wa aina nane anazoweza kugeuka Eevee, kiumbe mwingine wa Pokémon, na wapenzi wa Eevee hawanunui mmoja wakaridhika. Wanataka ukoo mzima.

Turudi kwenye uadimu, kwa maana kupendwa peke yake hakutoshi. Karatasi yenyewe si adimu hata kidogo: katika mwaka ulioishia Machi 2024 zilichapwa kadi za Pokémon bilioni 11.9. Kinachobanwa ni nafasi ya kadi fulani kuingia kwenye pakiti fulani, na kwa kadi hizi za makaratasi kampuni haitangazi nafasi hiyo ni ngapi. Kwa hiyo maduka na watu wenye subira huchana maelfu ya pakiti, wakaandika kilichotoka, wakagawanya. Kwa Moonbreon makadirio yao ni kadi moja katika pakiti zaidi ya elfu moja.

Tuseme ni pakiti 1,500, kwa ajili ya hesabu tu. Boksi lina pakiti 36, kwa hiyo unahitaji maboksi karibu 42. Pakiti Marekani wakati ule ilikuwa dola 3.99, zidisha, unakaribia dola 6,000. Na hata ukizichana zote 1,500, una kama asilimia 37 ya kutoka mikono mitupu, kwa sababu pakiti hazina kumbukumbu. Ile ya 1,500 haijui kwamba umekwisha kukosa mara 1,499. Wengi wanalamba garasa ili mmoja alambe dume.

Ukitazama video za wachanaji utaona jambo dogo: kabla ya kuonyesha, mtu anachukua kadi chache za nyuma na kuzileta mbele bila kuzitazama. Anaujua mpangilio wa kiwandani, na anataka kadi adimu itokee ya mwisho, utamu ubaki huko. Zamani palikuwa na ujanja mbaya zaidi. Kadi inayong'aa ina utando wa foili unaoongeza uzito kidogo, basi wauzaji wengine walizipima pakiti kwenye mizani kama ya sonara. Nzito wakaziweka kando, nyepesi wakakuuzia wewe. Mpaka leo pakiti za miaka hiyo hutangazwa kwa uzito wake, na nyepesi zina bei ya nyepesi.

Kuna uzi unaoifunga bei ya kadi na bei ya boksi. Seti ikitoka, wiki ya kwanza bei za kadi kubwa huwa za wazimu, maana wanaotaka ni wengi na zilizochanwa ni chache. Kadi inapokuwa ghali mno, watu huona bora wachane zaidi. Wakichana zaidi, kadi zinajaa sokoni na bei inalegea. Ndiyo maana anayeipenda kadi kwa dhati, wala hatafuti sifa ya kuwa wa kwanza, mara nyingi hupata nafuu akisubiri wiki kadhaa. Mambo hugeuka kiwanda kinapoacha kuchapa seti hiyo. Maboksi yaliyobaki yanapungua kila mtu anapochana moja, na boksi nalo linakuwa mali. Boksi la Evolving Skies, ambalo kwa bei ya pakiti lilikuwa kama dola 144, likapita dola 1,000. Sasa hakuna tena wa kuchana kwa hasira ili bei ishuke.

Mchezo mwingine wa kadi, Magic: The Gathering, uliupeleka uadimu hadi mwisho wa barabara. Juni 2023 kampuni ya Wizards of the Coast ilitoa seti ya The Lord of the Rings na kuweka kadi moja ya The One Ring, yaani Pete Moja, iliyochapwa nakala moja tu duniani, na namba 001/001 juu yake. Wauzaji wakatangaza dau la zaidi ya dola milioni moja kabla haijaonekana. Ikaibukia Kanada, na Agosti mwaka huo mwanamuziki Post Malone akainunua, inaripotiwa kwa dola milioni 2. Nakala za kawaida za kadi hiyohiyo zilitafutwa kwa sababu nyingine kabisa: zilikuwa zinashinda michezo. Desemba 2024 ikapigwa marufuku kwenye mtindo wa mashindano uitwao Modern. Aliyenunua nne za kuchezea alijua uchungu wake. Wa ile moja hakuwa na cha kuhofia.

Kisha kuna alama. Kadi hupelekwa kwa kampuni kama PSA, ambayo hukagua pembe, kingo, uso na kama mchoro umekaa katikati, halafu huifungia kwenye kasha la plastiki na kuipa alama hadi 10. Machi 2021 PSA ilizidiwa na mizigo mpaka ikasitisha sehemu kubwa ya huduma zake. Kadoa keupe kama ncha ya sindano kwenye kona ya nyuma kanaweza kuishusha 10 kuwa 9, na kati ya hizo mbili kuna pengo la pesa nyingi. (Ile pete ya dola milioni 2 ilipata 9. Ukiwa peke yako duniani, nani atakulinganisha?)

Pesa zikifika hapo, za bandia haziko mbali. Moonbreon ni miongoni mwa kadi zinazoigwa sana, na picha za mtandaoni hazisaidii kitu, kwa sababu waigaji nao wana mashine nzuri za kuchapa. Inabidi uishike. Kadi halisi ya aina hii ina mistari midogo iliyokandamizwa juu ya uso wote, kama alama za vidole, ikifuata mchoro. Pitisha ncha ya kidole polepole, utaisikia ikikwaruza. Ya bandia nyingi huteleza tu kama kioo cha simu.