Kisukari hakimpi kijana hulka ya ukali

"Mwache huyo, ana sukari, ndiyo maana mkali." Vijana wenye kisukari huyasikia maneno haya nyumbani, chuoni na kazini, na yanaumiza. Si kweli. Hakuna hulka ya wenye kisukari: wamo wapole, wacheshi, wakimya na wakali, kama walivyo ndugu zao wasio nacho.

Kinachoitwa ukali mara nyingi ni sukari iliyoshuka. Ubongo hutegemea glukosi, yaani sukari ya kwenye damu. Ikishuka chini ya milimoli 4 kwa lita, mwili humwaga adrenalini, homoni inayoushtua mwili. Binti aliyechoma insulini, dawa ya kushusha sukari, kisha foleni ikamchelewesha kula ataanza kutetemeka, jasho linamtoka, anajibu kwa mkato, mara anapoteza mtiririko wa maneno. Usimgombeze. Mpe nusu chupa ya soda ya kawaida (si ile isiyo na sukari), au vijiko vitatu vidogo vya sukari kwenye maji, kisha apime tena baada ya dakika 15. Akishindwa kumeza au akizimia, usimtie kitu mdomoni, mkimbizeni hospitali.

Sukari ikipanda nayo huleta uchovu na kukereka.

Halafu kuna kuchoshwa na ugonjwa wenyewe: kupima, kukadiria wanga kwenye ugali, kuogopa sukari isishuke usingizini, bila likizo hata siku moja. Mzigo huo ndio unaopunguza raha ya maisha ya wengi, na kliniki inapaswa kuuuliza waziwazi, si kusoma namba za glukomita (kipima sukari) tu.