Je, wajua kwa nini waya za signali kwenye jengo janja zinasokotwa na kulazwa mbali na nyaya za umeme?

Ukiingia kwenye jengo la kisasa unakuta taa za korido zinawaka zenyewe ukipita, kiyoyozi kinapunguza nguvu chumba kikiwa kitupu, pampu ya maji inaamka ikihitajika tu, na kuna mtu kakaa mbele ya skrini anaona joto la kila chumba bila kunyanyuka. Wengi tukiona hivyo tunaisifia programu. Sawa, programu ina kazi yake, ila juu ya dari kuna waya nyembamba kibao ndo zinazoleta habari zote hizo, na mafundi wanaozilaza wana masharti ambayo ukiyasikia mara ya kwanza unaweza kudhani ni ushirikina: usiupitishe sambamba na waya wa umeme, wakikutana wavukane kama msalaba, foili yake (karatasi ya alumini inayouzunguka) ifungwe ethi, yaani waya wa ardhini, upande mmoja tu, usiuchanue kama matawi ya mti, usiufumue msokoto ovyo. Sasa kwani shaba si shaba tu? Kwa nini waya wa taa hauna masharti hayo na huu mwembamba unadekezwa hivyo?

Jibu fupi ni kwamba waya wa umeme unabeba nguvu na waya wa signali unabeba maneno. Nguvu ikipungua kidogo taa itawaka tu, lakini neno likibadilika kidogo maana yote imebadilika. Na kwenye kazi hii waya uliokatika wala si shida kubwa, unajulikana siku hiyo hiyo na unabadilishwa. Shida ni waya mzima unaodanganya.

Tuanze na ukubwa wa sauti ya hayo maneno. Njia inayotumika sana kuunganisha vifaa vya majengo inaitwa RS-485, na kipokezi chake kinaamua hii ni moja au sifuri kwa tofauti ya milivolti 200 tu kati ya waya mbili. Milivolti 200! Halafu pembeni yake kuna waya wa volti 230. Hapo hata asilimia moja ya ile kubwa ikivuja kuingia kwenye ile ndogo ni volti 2.3, yaani kelele imeshapita mazungumzo mara kumi na zaidi.

Na inavujaje wakati waya zote zina plastiki? Plastiki inazuia umeme usitoke kwa kugusana, haizuii sumaku. Waya wowote wenye mkondo unazungukwa na uga wa sumaku, na kwa kuwa umeme wa majumbani unageuka geuka mara 50 au 60 kwa sekunde, ule uga nao unapanda na kushuka, na waya uliolala pembeni unazaliwa volti ndogo ndani yake bila kuguswa na kitu. Ndo kanuni ile ile ya transfoma, tofauti ni kwamba hapa hakuna aliyeomba transfoma. Kadiri zinavyokwenda sambamba kwa urefu mkubwa, kadiri zilivyokaribiana, na kadiri mkondo ulivyo mkubwa, ndivyo kelele inavyoongezeka. Ndo maana wanaambiwa zikilazimika kukutana zikatane kwa nyuzi 90, maana zikivukana hivyo ile sumaku haina urefu wa kufanyia kazi, inaishia kwenye nukta moja.

Ila hiyo 50 kwa sekunde ndo adui mpole. Adui mwenyewe ni inveta zinazoendesha mota za feni na pampu kwa kasi tofauti tofauti. Inveta inakatakata umeme maelfu ya mara kwa sekunde ili kutengeneza kasi inayotakiwa, na kila mkato ni ukingo mkali unaorusha kelele mbali. Kebo inayotoka inveta kwenda kwenye mota, hiyo ukiona fundi kaifunga pamoja na waya wa sensa (kifaa cha kupimia) kwenye trei moja kwa tai moja ya plastiki, ujue kazi hiyo itarudiwa. Na kuna kontakta, yaani swichi kubwa za umeme, zinazokata mota kwa ghafla, zile zinatoa mpigo mmoja wa volti, unapita, na sensa inaonyesha namba ya ajabu kwa sekunde moja halafu inatulia kama vile hakuna kilichotokea.

Dawa ya kwanza ni ya zamani kuliko kompyuta. Alexander Graham Bell, yule wa simu, alipewa hataza ya waya jozi zilizosokotwa mwaka 1881, kipindi ambacho laini za simu zilikuwa zinasumbuliwa na kelele za nyaya nyingine zilizopita jirani. Ujanja wake ni mwepisi ukiuelewa: ukisokota waya mbili, kila nusu ya msokoto inageuza nani yuko karibu na chanzo cha kelele. Kipande hiki waya wa kwanza unapata nyingi kidogo, kipande kinachofuata unapata wa pili, mwisho wa safari wote wawili wamepata kelele karibu sawa. Kipokezi kinachukua tofauti kati ya waya mbili, na ukitoa kelele kwenye kelele iliyo sawa nayo inabaki karibu sifuri, yanabaki maneno. Hakuna umeme wa ziada, hakuna kifaa, ni kusokota tu.

Sasa hapa ndo panapoharibiwa kizembe. Fundi anafika kwenye paneli, anafumua msokoto mrefu ili waya zikae vizuri machoni, na pale ndani ya paneli ndo kuna kontakta na inveta zote. Kwa kebo za mtandao wa kompyuta sheria inasema usifumue zaidi ya milimita 13, na hata kwa waya nyingine za signali ukiwa na tabia hiyo hupotezi kitu. Kosa lingine baya zaidi ni kuchukua waya mmoja kutoka jozi hii na mwingine kutoka jozi ile. Ukipima kwa mita inalia pii, mwendelezo upo, kila kitu kiko sawa, lakini waya wako wawili hawajasokotwa pamoja kabisa, kwa hiyo ile kinga yote haipo. Kipimo kimesema kweli na waya bado unadanganya.

Halafu kuna foili. Mimi naona foili inasifiwa kupita kiasi, maana watu wanadhani ukishanunua kebo yenye foili umemaliza. Ile karatasi nyembamba ya alumini inazuia vizuri uga wa umeme na kelele za masafa ya juu, ila sumaku ya ile 50 kwa sekunde inapita kama haipo. Hiyo inatulizwa na msokoto na umbali. Na foili isiyofungwa popote haikusaidii kitu, kelele inayoikusanya inakosa pa kwenda.

Kwa nini sasa ethi upande mmoja? Kwa sababu ethi ya ghorofa ya chini na ethi ya ghorofa ya kumi hazina volti sawa, ingawa kwenye mchoro zote zimechorwa alama moja. Ukifunga foili pande zote mbili umetengeneza daraja kati ya ethi mbili, mkondo unapita ndani ya foili yenyewe, na kitu ulichoweka kuzuia kelele kimegeuka kuwa chanzo cha kelele. Kwa sensa na laini za data za kasi ndogo wanafunga upande wa kontrola (kifaa kinachosoma sensa na kutoa amri), upande wa pili wanakata foili na kuifunika kwa tepu isiguse chuma. Kebo za mtandao zenye foili ni habari tofauti, masafa yake ni ya juu sana, zinafungwa pande zote na jengo linatakiwa liwe na mfumo mzuri wa ethi. Kwa hiyo ukisikia mafundi wawili wanabishana juu ya hili, inawezekana wote wako sahihi ila kila mmoja anazungumzia kebo yake.

Kuna uongo mwingine ambao hauhitaji kelele kabisa, unatokana na urefu tu. Chukua sensa ya joto aina ya Pt100. Hiyo inapima joto kwa upinzani: kwa nyuzi sifuri ni omu 100, na kila nyuzi moja ya Selsiasi inaongeza omu 0.385. Iweke mita 100 kutoka kwenye kontrola kwa waya wa milimita 0.5 za mraba. Shaba nayo ina upinzani wake, na kwenda na kurudi ni mita 200, unapata kama omu 6.9. Gawa kwa 0.385, ni karibu nyuzi 18. Yaani chumba kina nyuzi 24 na skrini inasema 42, kiyoyozi kinafanya kazi kama kichaa, watu wanaganda, na hakuna waya hata mmoja uliokatika. Ukitumia Pt1000 kosa linashuka kuwa kama nyuzi 1.8 kwa sababu kila nyuzi sasa ni omu 3.85. Ndo maana Pt100 ya mbali inavutiwa waya tatu au nne ili kontrola iweze kuupima waya wenyewe na kuutoa kwenye hesabu.

Au unatumia njia ninayoipenda mimi, ya miliampea 4 hadi 20. Hapo sensa inatuma mkondo badala ya volti, na mkondo kwenye mzunguko mmoja ni ule ule kila mahali, uwe mita 10 au 300, mradi volti za kuusukuma zinatosha. Na angalia ujanja wake, sifuri haikuwekwa kwenye sifuri, imewekwa kwenye 4. Ikisomeka 4 maana yake kipimo kiko chini kabisa, ikisomeka 0 maana yake waya umekatika. Ukilinganisha na ile ya volti 0 hadi 10, pale 0 inaweza kuwa kipimo cha kweli au panya kala waya, na kontrola haina namna ya kutofautisha.

Twende kwenye kuchanua matawi. RS-485 ndo inabeba Modbus, lugha ya vifaa iliyotoka mwaka 1979, na pia toleo moja la BACnet, kiwango cha mawasiliano ya majengo kilichochapishwa na ASHRAE, chama cha wahandisi wa viyoyozi cha Marekani, mwaka 1995. Laini moja inaweza kufika mita 1200 kwa kasi ndogo, lakini inatakiwa itoke kifaa hadi kifaa mpaka mwisho, na kila ncha ya laini iwe na rezista (kipingamizi) ya omu 120. Signali inakimbia ndani ya kebo kwa karibu theluthi mbili za kasi ya mwanga, ikifika kwenye ncha isiyo na rezista inagonga na kurudi kama mwangwi, na ule mwangwi unakutana na neno linalofuata. Ukichanua matawi marefu kila tawi linaleta mwangwi wake. Kwa kasi ndogo unaweza kuponea, ukiongeza kasi tu vifaa vya mbali vinaanza kupotea.

Lakini sio kila mfumo una sheria hiyo. KNX, mfumo mwingine wa kuunganisha swichi na vifaa vya jengo, inakubali matawi na nyota, inachokataa ni duara. Inakwenda taratibu, biti 9600 kwa sekunde, kwenye jozi moja ya waya inayobeba pia umeme wa kama volti 30 wa kulisha vifaa, na mipaka yake ni mita 1000 za kebo kwa jumla, mita 350 kutoka kwenye chanzo cha umeme hadi kifaa, na mita 700 kati ya kifaa na kifaa.

Na DALI, mfumo wa kuendesha taa, ndo inavunja kila nilichosema hapo juu, maana waya zake zinaruhusiwa kupita ndani ya kebo moja na umeme wa taa! Kwa nini yenyewe iachiwe? Kwanza ni ya polepole kabisa, biti 1200 kwa sekunde. Pili volti zake ni kubwa, kama 16, na kipokezi kinahesabu chini ya 6.5 ni chini na juu ya 9.5 ni juu, kwa hiyo kelele ndogo haifikii kubadilisha neno. Ila kuna bei yake, waya hizo lazima uziheshimu kama umeme mkubwa, sio za kushika shika. Hii inaonyesha kwamba kutenganisha kebo kuna sababu mbili na watu wanakumbuka moja tu. Ya pili ni usalama: waya wa KNX unafika kwenye swichi na sensa ambazo watu wanagusa kila siku, na plastiki yake ikichubuka pembeni ya waya wa volti 230, umeme huo unaweza kutembea kwenye laini nzima.

Kuvuta kwenyewe ni kazi ya uvumilivu. Kebo ya mtandao isivutwe kwa nguvu zaidi ya nyutoni 110, isikunjwe kwa kona kali kuliko mara nne ya unene wake, tai zisikazwe mpaka ganda linabonyea, maana ukibana umbali kati ya waya ndani unabadilika na mwangwi unazaliwa palepale. Lebo pande zote mbili. Matundu ya ukuta yanayotenganisha maeneo ya moto yazibwe tena kwa kizuia moto. Na upimaji ufanyike kabla dari halijafungwa, tena ile mashine ya kupima plastiki kwa volti 500 itumike wakati kontrola na sensa bado hazijaunganishwa, vinginevyo waya utafaulu mtihani na vifaa vyote vitakuwa vimeungua.